Redio Yangu Nayo Ikaingia Zamu

Redio ile ni yangu. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hadi leo wananiuliza, "Redio yenu ile iko wapi?" Yenu na nani? Ni yangu mimi. Mama mdogo aliniletea kutoka Maskati wiki niliyotoka arubaini ya mwanangu, kaifunga ndani ya taulo la mtoto, na juu yake pakiti mbili za betri kubwa. Mume wangu alikuwepo. Sanduku alilifungua yeye, kwa kisu changu cha jikoni, akasema, "Mashaallah, mama mdogo kakuletea mbingu nzima." Kwa mdomo wake. Mama mdogo mwenyewe shahidi, na Mungu shahidi.

Haikuwa kubwa. Ukubwa wa mkate wa boflo, rangi ya kijivu, na usoni ina kioo kidogo kinachoandika jina la stesheni. Ubavuni ina kibao bapa cha mraba ambacho unaweza kukichomoa, kina waya wake mrefu. Hicho ndicho antena. Redio nyengine unazungusha kidude mpaka inashika. Hii kibao lazima kiione setilaiti uso kwa uso, pasiwe na ukuta kati yao. Kikiiona, kioo kinajaa vijisanduku vitano na sauti inakuja safi kama mtu yuko chumbani. Kisipoiona hupati kitu, hata mkwaruzo.

Sasa mimi nakaa Mji Mkongwe, ghorofa ya kwanza, vyumba viwili, na dirisha langu linatazama ukuta wa jirani. Ukinyoosha fagio unaugusa. Mbingu tuliyogawiwa sisi ni ukanda tu, upana wa kanga iliyokunjwa. Wiki nzima nilihangaika na kile kibao, nikakiweka juu ya kabati, nikakiweka ngazini, nikadhani mama mdogo kauziwa kibovu. Mpaka siku moja naanika nepi dirishani, jua likanipiga machoni kupitia ule ukanda. Ilikuwa saa nane mchana. Nikatoa kibao nikakielekeza pale pale kwenye jua. Vijisanduku vitatu! Nikajua. Setilaiti haitembei, imekaa pahala pake. Jua ndilo linalopita pale ilipo, saa nane, kisha linakwenda zake.

Nikafunga kibao kwenye mti wa fagio, nikautoa nje ya dirisha, nikaukaza kwa kitambaa. Watu wanaopita chini uchochoroni hawakuniacha.

"Mama, unavua nini huko juu?"

"Navua habari."

"Ukipata yangu nitupie!"

Ilikuwa na vitufe kumi vya kuhifadhia stesheni. Namba moja nikaweka ile ya hadithi. Kila siku saa kumi alasiri mama mmoja mwenye sauti nzito alikuwa anasoma riwaya, kipande kwa kipande, nusu saa. Miezi ile alikuwa anasoma habari za mwanamke aliyeachiwa nyumba na baba yake, pamoja na kaka zake wawili. Kaka wanataka kuuza, na haiuziki mpaka na yeye atie saini. Basi. Hadithi yote ni hiyo, atasaini hatasaini. Lakini mimi toka nilipomaliza kidato cha nne hakuna mtu aliyepata kunisomea kitu. Nilikuwa nafunga mlango kwa komeo, mtoto namtia titini, nasikiliza. Nusu saa ile haikuwa ya mtu mwengine.

Mtoto alipofikisha miezi saba, mume wangu akaoa Bwejuu.

Yeye ni mpaka rangi. Kazi zake nyingi ziko kwenye mahoteli ya pwani ya kusini mashariki, na huko ndiko alikompata. Aliniambia asubuhi huku anachovya mandazi kwenye chai. Sheria inamruhusu. Simbishii Mungu, nambishia yeye. Zamu zikapangwa, siku mbili kwangu, siku mbili kwake, na yeye akajiona mwadilifu kwelikweli.

Hapa nitasema kosa langu, kwa sababu lipo. Kwetu mke wa kwanza akiletewa mwenzake, watu wote wanamtazama uso. Akilia, wasiompenda wanapata la kusimulia. Akicheka, anaambiwa ana moyo. Mimi nikacheka. Nikampelekea mwenzangu doti ya kanga mpya na udi. Na mume wangu aliposema, "Niazime redio siku mbili hizi, nyumba ya kule haina umeme, kiza kitupu," nikamwambia, "Chukua, baba, chukua." Nikaifunga mwenyewe kwenye lile taulo la mtoto. Nilitaka afike kule aseme, mke wangu mkubwa hana wivu hata chembe.

Nina wivu. Nina wivu mpaka wa kucha.

Bibi anayekaa ghorofa ya juu yangu, mwenye roshani na mbingu yake yote, aliniona nampa mfuko. Akangoja mume wangu akate kona. "Mwanangu," akasema, "mume anagawanywa, imeandikwa. Redio imeandikwa wapi?"

"Naazima tu, bibi."

"Haya. Azima."

Mwezi haujesha, alikuwa akinikuta ngazini ananiuliza kwa sauti ya kusikika nyumba tatu, "Leo redio iko kwa mke gani?"

Ikawa hivyo. Redio inaondoka na mume, inarudi na mume. Ikirudi, mume simkagui, naikagua redio. Mchanga mweupe, laini kama unga, umeingia kati ya vitufe. Taulo linanuka mwani. Na namba moja, stesheni yangu ya hadithi, imehamishwa. Pale imewekwa ya nyimbo za Kihindi, na hadithi yangu imetupwa namba nane. Nikairudisha. Baada ya siku nne ikaja tena, Kihindi namba moja. Nikairudisha. Kitufe kile ukitaka kihifadhi unakibana mpaka kilie, nami nilikibana kama nabana shingo. Mimi na mwanamke ambaye sijapata kumuona tulipigana miezi miwili kwa kidole kimoja.

Kisha siku moja ikarudi nikaiwasha, namba moja ni hadithi. Haikuguswa. Nikatazama vizuri. Kihindi kimehamia namba mbili.

Mtu mwengine angesema, kashindwa. Mimi nilikaa kitandani, redio mapajani. Hakushindwa. Kaanza kusikiliza.

Kwa hiyo zile siku mbili ambazo mimi nakaa na ukuta, yeye anajua yaliyotokea. Mimi naachwa kaka wawili wako mlangoni na karatasi mkononi. Redio ikirudi, mwanamke yuko hospitali anamuuguza yule kaka mdogo, na sijui kafikaje. Hadithi yangu ikatobolewa, na vipande vyake viko Bwejuu kwenye kichwa cha mke mwenzangu.

Niliyoyaeleza yote haya ningeyavumilia. Lililonitoa ndani ni dogo. Jioni moja ya zamu yangu mume wangu anakula, akaanza kucheka peke yake.

"Nini?"

"Yule mama wa kwenye hadithi. Kawafukuza kaka zake kwa maji ya moto! Wamekimbia na viatu mkononi."

"Wewe umesikia wapi?"

"Si kule. Tunakaa nje, tunaiweka, kuna upepo."

Tunakaa. Mwanamume huyu kwangu saa kumi hulala, mdomo wazi. Siku niliyomwambia kaa usikilize na mimi, alisema sauti ya yule mama inamuumiza kichwa. Kumbe kichwa kinauma mjini tu. Niliosha vyombo, nikavunja kikombe kimoja, cha kwake. Asubuhi akafunga redio kwenye taulo, akaondoka kwenda kwenye zamu yake. Na mimi nikavaa buibui.

Kwa mke mwenzio huendi siku yake. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Ni aibu, ni sawasawa na kuingia chumba cha watu bila ya hodi. Nilijua, nikaenda. Kwenye msitu wa Jozani kima punju walivuka barabara, gari zima likashangilia, mwanangu akapiga makofi. Mimi nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nayo mengi na mazuri.

Nilifika saa nane. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya mchanga, ya mawe na udongo, nayo uwanja mbele. Alikuwa ameinama anatandaza mwani juu ya makuti ukauke. Na katikati ya uwanja, juu ya kinu kilichopinduliwa, redio yangu inaimba Kihindi.

Nilitazama kioo kabla ya kumtazama mtu. Vijisanduku vitano. Vimejaa vyote. Kibao hata hakikuchomolewa, kimesimama tu ubavuni na kinatazama mbingu isiyokuwa na ukuta wala ukingo, kama mtu aliyerudi kwao. Wallahi nilimwonea wivu mwanamke yule kwa mbingu kuliko kwa mume.

"Hodi," nikasema, na haikuwa hodi ya kuomba.

Akainuka. Alimtazama mwanangu kwanza, akajua mimi nani; mtoto kachukua paji la baba yake lote. Alikuwa mkubwa kuliko mimi, si chini ya miaka kumi. Nilitegemea kitoto cha kujipaka wanja. Huyu mikono imepasuka kwa maji ya chumvi, na kanga aliyojifunga kiunoni ni ile niliyompelekea mimi.

"Shikamoo, bi mkubwa," akasema. Mtu mzima vile ananiamkia mimi, kwa sababu nilitangulia kuolewa.

Sikuitikia. Najua ni ukosefu wa adabu, na ndio nilioukusudia.

"Nimekuja kuchukua redio yangu."

"Redio ipi?"

"Hiyo iliyokaa juu ya kinu kama bibi harusi."

Akaigeukia, akanigeukia. "Hiyo mahari yangu," akasema.

Maneno yangu yote niliyoyapanga toka mjini yakanitoka.

"Mahari ya nini?"

"Ya ndoa. Mwenyewe alikuja nayo siku ya kuposa, akaiweka hapo hapo, akaniwashia. Wazee wakaniuliza unataka nini. Miye nilipoolewa mara ya kwanza nilitaja kitanda, kikavunjika kabla ndoa yenyewe haijavunjika. Nikasema safari hii nataka msahafu na redio hiyo inayoona mbingu. Akasema chukua, mbele ya mashahidi."

Nikakumbuka. Kabla hajanambia habari za Bwejuu, kuna siku mbili redio haikuwepo. Alisema kitufe kimeregea, kaipeleka kwa fundi Darajani. Aliporudi nayo nilimshukuru. Nilimpikia biriani!

"Na kama ni yako," nikasema, "mbona kila siku mbili inakuja kwangu?"

"Hunambia, niazime, bi mkubwa ana mtoto mchanga, hana cha kumliwaza. Namwambia chukua." Akapangusa mikono kwenye kanga yangu. "Sikutaka afike mjini aseme nina wivu."

Tukatazamana. Lau angekuwa mtu mwengine ningecheka.

Sikucheka. Nikampa mtoto amshike, nikaipindua redio na kufungua kifuniko cha betri. Betri alikuwa anatia mume siku zote, huku na huku, ndiyo maana huyu hakupata kuona. Ndani ya kifuniko mama mdogo aliandika kwa wino usiofutika: *Ya mwanangu na mwanawe. Atakayeazima arudishe.* Mama mdogo anawajua wanaume.

Akasoma polepole, midomo inacheza. Akasoma tena. Kisha akaichukua mkononi mwangu, akaizima, akakunja kibao, akaupangusa mchanga kwenye vitufe kimoja kimoja kwa ncha ya kanga. Akanirudishia.

"Chukua. Haramu sikai nayo." Akavuta pumzi. "Basi miye sijapewa mahari."

Tulikuwa bado tumesimama hivyo, yeye na mwanangu, mimi na redio, mume akatokea nyuma ya nyumba, rangi mpaka kwenye nyusi, mkononi kashika samaki wawili, changu, waliotungwa kwenye ukindu. Akatuona. Akasimama. Nilimwona anachagua uso wa kuvaa.

"Assalamu alaykum," akasema. "Ah! Mmeshajuana?"

"Bwana," mke mwenzangu akamuuliza, "mahari yangu iko wapi?"

"Si hiyo..." Akainyooshea kidole mkononi mwangu, kidole kikaishia njiani.

"Hiyo ina mwenyewe. Nakuuliza yangu."

"Nitakununulia nyengine. Nzuri zaidi."

"Kanunue. Ya setilaiti, kama ilivyotajwa. Siku utakayokuja nayo piga hodi. Kabla ya hapo kalale kwa mwenye redio."

Akanipa mtoto wangu. Akamchukulia mume wale samaki mkononi, akaingia ndani, na nikasikia komeo.

Hata samaki kachukua. Mimi nikabaki uwanjani, jua, mwani, mtoto, redio na mwanamume mwenye rangi kwenye nyusi. Yote niliyoyafuata nimeyapata, na nilikuwa nataka kulia kwa hasira.

Tulirudi mjini. Bibi wa juu alikuwa ngazini. "Kumbe leo vimerudi vyote viwili!" akasema, na akapiga kigelegele kidogo, cha kebehi. Nilipita.

Toka siku ile mume yuko kwangu kila siku. Kaenda maduka yote ya Darajani, redio za aina ile hakuna. Anaambiwa agizia Dubai, agizia Maskati. Akanunua redio ya kawaida, kubwa, ina taa za rangi, akaipeleka Bwejuu. Jioni karudi nayo kwapani.

"Kasema nini?"

"Kanisemesha kupitia dirishani. Kauliza, hii inaona mbingu?"

Akaniomba mimi. Niazime tu, akasema, mpaka nipate nyengine. Nikamwambia asome kifuniko. Redio naifungia kabatini, ufunguo naufunga kwenye pindo la kanga, naitoa saa kumi. Hadithi sasa naisikia yote, siku zote saba, kwa vijisanduku vyangu vitatu. Yeye analala pembeni anakoroma. Nilidhani nitafurahi.

Lakini kila nikikaa nalisikia lile komeo. Mimi nilipoambiwa habari za ndoa juu ya chai, nilipeleka kanga na udi. Yule alipoambiwa uongo mmoja, alifunga mlango, na samaki akawapika. Nimemwonea wivu kwa mbingu, kwa upepo, kwa vijisanduku vitano. Wivu wa mlango ndio mbaya kuliko wote, maana mlango na mimi ninao, na komeo ninalo.

Wiki ya pili simu yangu ikalia mara moja ikakata. Namba siijui. Ilikuwa saa kumi na nusu, mama wa redio kamaliza sasa hivi. Nikapiga, kwa salio langu.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba," nikasema, kabla sijajijua.

Nasikia upepo wake.

"Kasaini?" akauliza.

Sikuhitaji kuuliza nani. Na siku ile khasa, katika nusu saa ile ile, yule mwanamke alikuwa kasaini. Kachoka, kaka mkubwa kamlilia, mdogo kamletea watoto wake wamshike miguu, kachukua kalamu kasaini. Niliizima redio kabla hata ya muziki wa mwisho, nikamtukana.

"Hajasaini," nikasema.

"Kaka zake?"

"Kawafungia nje."

Akacheka, kicheko kirefu cha tumboni, sikukitegemea kutoka kwake. "Naam!" akasema. "Afadhali."

Mtu asinisifu. Sikusema vile kwa wema. Nilipiga hesabu ya haraka: akisikia kasaini, na yeye atalegea, atapokea ile redio ya taa za rangi, atafungua, na zamu zitarudi. Mume huyu simtaki kiasi hicho. Lakini kumgawa tena sitaki, nimekataa. Acha mlango wa Bwejuu ukae ulivyo.

Kesho yake yule mwanamke wa hadithi akauza nyumba, akagawa fedha, riwaya ikamalizika kwa dakika chache, na muda uliobaki wakapiga muziki. Nilikaa na mtoto titini nikiutazama ukuta. Mume anakoroma. Saa kumi na nusu simu ikalia mara moja, ikakata. Nikapiga.

"Wamekuja na seremala," nikamwambia. "Wanataka kuvunja kitasa."

"Lahaula! Yeye yuko wapi?"

"Ndani. Kaegemeza kinu mlangoni, na yeye kakaa juu ya kinu."

Nikamsikia anasogea, labda anakaa na yeye. "Mwambie asifungue," akasema.

"Nshamwambia," nikasema.